Kale ya Waskoti

Anderlecht, Brussels
Jumatatu asubuhi, mwezi wa Oktoba

Kwako Yaya Claudine, dada yangu na rafiki yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti moja nimelipiga. Lingine limegoma kwa ajili ya baridi ya huku, kwa hiyo lisamehe. Habari za tangu siku ile? Shemeji Hamza hajambo? Ilyas ameacha kuficha viatu siku za shule, au bado mnavitafuta kwenye pipa la maji? Na wewe mwenyewe, lile jino? Kila nikiona mgonjwa ameshika shavu kule kwenye kliniki ya meno ninakopokea watu, nakukumbuka. Nenda ukaling'oe, Yaya, halitajing'oa lenyewe kwa kukuonea huruma. Na hao majirani zako wa Kigoma wanaocheka nikikuita Yaya, wakidhani ulikuwa mlezi wangu wa kuajiriwa, waambie tena kwamba sisi wa Bukavu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Ingawa kunilea ulinilea, na mshahara hukuuona.

Sisi huku ni wazima. Mimi nimenenepa kidogo, usimwambie mtu. Maman ni mzima kuliko sisi sote: presha imetulia, kwaya ya parokia imempa sauti ya pili, na adui yake pekee kwa sasa ni Madame Simone wa ghorofa ya juu, anayeburuta viti wakati wa rozari.

Najua bahasha hii imekushtua, maana siku hizi bahasha huleta msiba au habari za serikali. Tulia, hii haina msiba. Nimeandika kwa sababu ulinikataza kusema. Siku ile kwenye simu uliniambia nisikutajie tena habari ya Maman kuja Kigoma. Mdomo wangu umetii. Mkono haukukatazwa.

Maneno yako ya siku ile hayajanitoka. Ulisema umemwalika kila mwaka tangu apate pasipoti ya huku, na kila mwaka ana jibu: mara magoti, mara kwaya, mara joto la Kigoma, yeye ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa akilalamikia baridi ya Brussels. Ukasema sasa umeelewa. Maman hajawahi kukusamehe kwa kuolewa na Mwislamu wa Ujiji na kubaki huko wakati sisi wawili tulipoletwa Ubelgiji, ila ana heshima mno kulisema hilo. Sikukubishia, kwa sababu mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo hivyo. Ulikata simu ukilia. Nami nililia chooni kliniki, bomba likiwa wazi ili daktari asisikie.

Sasa kaa chini, Yaya. Sababu nimeijua. Nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kinywani mwa Maman, na kosa si la Hamza wala si lako. Ila siwezi kukuambia kabla sijakueleza habari ya mashairi ya Waskoti, maana bila hayo utasema nimetunga ili nikubembeleze, na kwa kutunga unanijua.

Shida yangu na majina unaifahamu. Hadithi naweza kuiandika ndani ya metro kati ya Anderlecht na Porte de Namur, nikienda kazini na kurudi, hata nikiwa nimesimama. Lakini jina! Jina hunitesa. Hadithi yangu ya kwanza niliipeleka kwa Sofie ikiitwa "Hadithi". Sofie akaniuliza kama na mtoto nikijaliwa nitamwita Mtoto. Huyo Sofie ndiye yule Mflamandi niliyekusimulia, aliyefundisha Mwanza miaka mingi akarudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Sasa anachapa vitabu vidogo, ukurasa huu Kiswahili, ukurasa huu Kifaransa, na ndiye aliyekubali kuchapa changu.

Dawa ya majina niliipata Berchem-Sainte-Agathe, nilikomsindikiza Maman kuimba. Nje ya kanisa walikuwa wametandaza vitu vikuukuu vya kuuza, na chini ya sufuria niliyoipenda palikuwa na kitabu kisicho na jalada: mashairi ya zamani ya Uskoti. Hakuna aliyekitaka. Mama wa pale mezani akakitia ndani ya sufuria yangu kama mtu anayeondoa paka nyumbani. Kiingereza cha shule ya Kigoma ninacho, lakini kile, Yaya, ni Kiingereza kilicholowa mvua kikavimba. Neno hili nalielewa, neno lile ananielewa Mungu. Na hapo ndipo nilipopata mgodi. Mstari ninaouelewa wote haunipi kitu. Nausoma, naushukuru, napita. Mstari ninaouelewa nusu ndio wangu, maana ile nusu nyingine naijaza mwenyewe, na tayari ni jina. Hivyo ndivyo nilivyopata "Mjane na Mabata Bukini", na "Theluji Haibishi Hodi", na ile ya msichana wa saluni ya Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Brussels, ikaitwa "Wee Binti!" Waskoti wana neno lao "wee", maana yake kadogo, hilo nililijua tangu shule. Lakini kila nikilikuta kwenye mashairi namsikia Maman dirishani, anamwita mtu aliyeacha mlango wazi.

Basi mtu aliyekwisha kuzoea kukutana na "wee", akifungua kurasa chache mbele akaliona neno "kale", afikirie nini?

Ndivyo lilivyoandikwa, herufi kwa herufi: kale, kama hii yetu ya hapo zamani za kale. Shairi lenyewe ni la mwanamke. Ni asubuhi ya baridi kali, amesimama katika bustani, na anaita kale, kale! Karibu na hapo kuna lile neno la Kiingereza ambalo laweza kuwa "rudi" na laweza kuwa "mgongo". Mimi bila kusita nikachukua "rudi". Nikamwona mwanamke wa watu, peke yake kwenye ukungu, anaiita zamani yake irudi. Nilisimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi, machozi yananitoka, na mchuzi ukaungua.

Utaniuliza Kiswahili kilifikaje Uskoti. Nilijiuliza pia, na jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa nimesoma Kigoma. Nani kati yetu hakupandishwa lori la shule hadi Ujiji, juani, kwenda kuona mnara wa yule mmisionari Mskoti aliyepotea akatafutwa? Nikasema, mtu aliyekaa Ujiji, akala dagaa wetu, ataachaje kuwaandikia ndugu zake walau neno moja la kwetu? Nikaridhika kabisa, hata nikajivuna. Nikamwambia Sofie kwamba kale ya Waskoti ni mali yetu, na yeye akatikisa kichwa akasema kumbe Kiswahili kimefika mbali. Mume wake, Ewan, ni Mskoti, fundi wa piano, mtu mrefu na mkimya. Hatukumwuliza. Nani amwulize fundi wa piano habari za zamani za kale?

Hadithi niliyoipa jina hilo, "Bustani ya Kale", ambalo Sofie alilifanya jina la kitabu kizima, unaijua. Ni ile ya mwanamke anayekimbia vita na kuiacha bustani yake kilimani, ikitazama ziwa. Sikuandika Bukavu, sikuandika Maman, lakini nilipokusomea kwenye simu ulisema ni nzuri mno, halafu ukaniapisha isimfikie Maman kamwe. Usimtoneshe kidonda, ulisema.

Na kweli ndivyo tulivyolelewa. Tangu tuvuke ziwa, nyumbani kwetu neno bustani lilitamkwa kwa sauti ya hospitali. Marehemu Papa, baba yetu, akianza tu kuisifia ile bustani ya Bukavu, Maman alikuwa na kitu kinachomwita jikoni. Kabichi haikupikwa kwetu. Unakumbuka jirani alivyotuletea bakuli zima, imeungwa na nyanya, inanukia, na Maman akaipokea kwa asante nyingi, akaitoa kwa mlango wa nyuma kwa watu wengine? Tulitazamana mimi na wewe tukasema moyoni: maskini, bado anaomboleza. Wewe mwenye moyo mkubwa ukaja kuamua kwamba dawa ya moto ni moto. Ukamwomba Hamza achimbe matuta nyuma ya nyumba, yafanane na yale ya Bukavu, ili Maman akija akute bustani yake imefufuka. Kila mwezi picha: tazama Maman, kabichi zako zinakusubiri! Nilikuwa namwonyesha. Alizitazama, akasema Mungu awabariki, akaenda jikoni.

Sasa sikia. Kitabu kilizinduliwa Jumapili ya juzi, mchana, katika ukumbi mdogo karibu na Porte de Namur. Maman nilimwambia nakwenda kwenye mkutano wa kazi. Ndiyo, nilidanganya, ulivyoniapisha ulitaka nifanyeje? Lakini Matonge haifichi kitu. Mwanakwaya mwenzake alikuwa na tangazo lenye picha yangu. Watu wameketi, Sofie amekwisha kuwakaribisha, mlango ukafunguka, akaingia Maman na kitenge chake cha Pasaka na kilemba kilichosimama wima. Akapita katikati ya viti, akakaa mbele kabisa, mkoba magotini. Hakunisalimia.

Nilitaka kumnong'oneza Sofie nisome hadithi nyingine, ya saluni, ya mabata, yoyote. Nilichelewa. Sofie alikuwa ameandaa jambo la kunifurahisha: Ewan alisome kwanza lile shairi kwa lahaja ya kwao, watu wasikie jina la kitabu lilikotoka, kisha nami nifuate. Ukutani alikuwa amebandika kwa herufi kubwa: YA KALE NI DHAHABU.

Ewan akavaa miwani, akaanza. Nikalisubiri neno langu. Mstari wa kwanza halimo. Wa pili halimo. Anatamka kitu kama "keil", tena "keil", nikadhani amefungua ukurasa mwingine. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Yaya, yule mtu hacheki. Sofie anasema hata siku ya harusi yao alitabasamu upande mmoja tu. Siku hiyo alicheka hadi akavua miwani akaifuta kwa tai yake. Sofie akamsogelea, wakanong'onezana, akarudi mbele uso umekuwa mwekundu kama nyanya. Akasema ana jambo la kueleza, na kwamba ananiomba radhi.

Kale ni mboga. Ndiyo, mboga ya majani, ndugu yake kabichi, ile Wakenya wanaiita sukuma wiki. Mwanamke wa shairi haiiti zamani irudi wala hamlilii mtu. Yumo kwenye bustani ya mboga, vidole vimemganda, na anailaani ile mboga kwa jina lake: mboga we, mboga we, mgongo wangu! Anasema akipata asubuhi moja tu ya kutoinama, atamwachia shetani bustani nzima, na mama mkwe aliyeipanda amtupie kama nyongeza. Na kuhusu Ujiji, Ewan alieleza kwa upole sana kwamba shairi lile lilikuwepo karne nyingi kabla yule mmisionari hajazaliwa.

Tonton Jean-Marie, yule wa duka la vitenge, akapaza sauti kutoka nyuma, "Donc, shu njo dhahabu!" Unajua kule kwetu kabichi ni shu, na ndiyo ni njo. Watu walivunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kitabu changu na mmisionari wangu.

Lakini macho yangu hayakuwa kwa Tonton. Yalikuwa kwa Maman. Alikuwa ameinua kidole, kama mtoto darasani. Alimwomba Sofie arudie pale pa mgongo. Sofie akarudia. Akaomba arudie pale pa mama mkwe. Sofie akarudia. Maman akageuka, akawatazama watu wote, akasema taratibu, "Uyu mwanamuke, ananijua." Kisha akacheka. Yaya, sijui kama wewe uliwahi kumsikia akicheka vile. Mimi sijawahi. Kilemba kilianguka, mama wa pembeni akakiokota, naye hakujali, anajipiga paja, machozi yanamtiririka, na kila akitaka kunyamaza anasema "mugongo" na kuanza upya.

Hadithi yangu niliisoma. Nilisomaje, sijui. Pale mwanamke anapogeuka kuitazama bustani mara ya mwisho, pahali nilipolia mwenyewe nikiandika, Maman alikuwa anajikuna sikio.

Tulipotoka tuliteremka kwenye stesheni ya Porte de Namur. Treni ikaja, Maman hakupanda. Akakaa kwenye benchi, akapigapiga nafasi ya pembeni kwa kiganja, nikakaa. Treni zikawa zinapita na watu wao, na yeye anasimulia. Nakuandikia alivyosema, ila Kifaransa chake nimekipunguza.

Alisema ile bustani haikuwa yake. Ilikuwa ya Koko, mama yake Papa. Tangu juma la kwanza la ndoa alikabidhiwa jembe, na hakuruhusiwa kuliweka chini: alilima akiwa na mimba yako, alilima mimi nikiwa mgongoni. Koko alisimama juu ya kilima na fimbo yake, akionyesha jani lenye kiwavi kutoka mbali, maana macho yake yalikuwa mazuri siku zote kwa kazi ya wengine. Kabichi zikienda sokoni, sifa zilikuwa za Koko. Zikioza, uvivu ulikuwa wa Maman. Papa hakujua kitu. Alimwona mkewe yumo bustanini asubuhi na jioni, hanung'uniki, akadhani ni mapenzi, akawa anawasimulia watu jinsi mke wake anavyoipenda ardhi. Nasi tukamsikia Papa, tukaamini. "Miye sikupendaka ile bustani hata siku moya," Maman aliniambia. "Hata siku moya, Jémima."

Kisha akaniambia jambo ambalo alisema hajamwambia hata padri. Asubuhi tuliyokimbia, bunduki zinalia ng'ambo ya kilima, Papa anakusanya nguo, mimi napiga kelele, wewe umekumbatia sufuria, yeye alitoka mlangoni akapita kando ya yale matuta. Na wazo la kwanza kichwani mwake, kabla ya hofu, kabla ya sala, lilikuwa: leo silimi. Alisikia mwili mwepesi. Siku hiyo majirani zetu walikufa, Yaya, watu waliotuazima chumvi walikufa, na yeye alisikia mwili mwepesi. Wepesi huo umemtesa miaka yote hii. Kanisani wenzake wakishuhudia walichopoteza, nyumba, ng'ombe, mashamba, wanamgeukia na kumwuliza, na wewe Maman? Naye huinamisha kichwa. Sisi tukaita majonzi. Ilikuwa aibu. Akisikia neno bustani hakuwa anakimbia kulia jikoni. Alikuwa anakimbia tusije tukamsoma usoni.

Nilimshika mikono pale kwenye benchi. Nilimwambia mgongo hauna dhambi, na kwamba mtu aliyebebeshwa mzigo miaka yote ile, ukimdondoka hata siku ya vita, mwili utahisi tu, mwili haujui kalenda. Alirekebisha kilemba.

Ndipo nikajitia ujasiri nikamwuliza: na Kigoma, Maman? Ni kwa sababu ya Hamza? Alinitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Aliuliza Hamza amefanya nini. Alisema mkwe aliyemlisha Papa uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, aliyebeba jeneza mbele, anayepiga simu Krismasi kabla ya wajomba waliobatizwa, mkwe huyo anamwombea kila jioni kwa jina, na kama Mama Maria hamjui Hamza wa Ujiji basi hajui mtu. "Muntu muzuri vile!" alisema. "Njo juu yake siendi!" Kwa sababu ya wema wake ndiyo maana haji. Hamza amemchimbia bustani kwa mikono yake mwenyewe. Atasimama vipi mbele yake aseme haitaki? Na asiposema, atapewa jembe, nanyi mtapanga mstari kumtazama akifurahi. Magoti atajikaza, alisema, lakini ile furaha ataitoa wapi? Basi akawa anasubiri kabichi zife zenyewe. Badala yake kila picha mliyotuma, matuta yameongezeka.

Yaya, hukukataliwa. Soma tena: hukukataliwa. Ulipendwa na mtu aliyeogopa kukuvunja moyo, na kwa kuogopa huko akauvunja. Nimeandika sentensi hii mara nyingi kichwani tangu Jumapili ile, na kila nikiirudia napata usingizi mzuri. Natumaini na wewe utaupata leo.

Mengine ni madogo. Sofie aliuliza kama tubandike karatasi juu ya jina kwenye nakala zilizobaki. Maman alikataa katakata. Alisema anayetaka zamani asome zamani, na anayejua mboga asome mboga. Kile kitabu cha Waskoti kimehamia kwake, kando ya rozari. Haelewi hata neno, ila ananiagiza nimtafutie wanawake wengine wanaolalamika. Nimempata mmoja anayemtukana ng'ombe wake. Safari hii nilihakikisha kwanza na Ewan kwamba ni ng'ombe kweli. Na Ijumaa, nikirudi kutoka kazini, ngazi zote zilikuwa zinanuka kabichi. Nilidhani ni Madame Simone. Alikuwa Maman, mbele ya jiko, amepika chungu kizima na karanga, na alikwisha kula robo amesimama.

Sanduku ameliteremsha kutoka juu ya kabati. Anakuja Desemba, nami nitamsindikiza. Kwa hiyo, Yaya, usimwandalie bustani. Mwandalie kiti. Kiwe na egemeo la kulalia mgongo, ukiweke kivulini, na ukigeuze kielekee ziwa, bustani ibaki nyuma yake. Matuta msiyafukie. Amesema kula atakula, tena sana, maana amezinyima tumbo kabichi za watu kwa miaka mingi bila kosa.

Nisalimie majirani wote wanaocheka, mbusu Ilyas kwenye lile paji lake la ukaidi, na lile jino nisilikute. Maman amekaa hapa pembeni, anachambua mchele, anasema nisiifunge bahasha kabla sijaandika ujumbe wake kwa mkwe wake, na niuandike alivyousema, nisiunyooshe: "Hamza, papa, aksanti sana. Jembe ni yako. Kiti ni yangu."

Mdogo wako asiyejua mboga,
Jémima